Was heißt das? Historia ya swali dogo lenye miaka 500

Siku hizi mtaani hukosi angalau msee mmoja anayesoma Kijerumani. Tangu Kenya na Ujerumani ziweke saini mkataba wa uhamiaji wa wafanyakazi pale Berlin, Septemba 2024, inboksi yangu imegeuka dawati la maswali. "Buda, Kijerumani ni kigumu aje?" "Hizo der, die, das zitaniua?" Watu wanaogopa sarufi. Wanaogopa matamshi.

Kwa maoni yangu, wanaogopa kitu ambacho sicho. Sarufi utaimbishwa darasani mpaka iingie. Shida yenyewe inakuja ukishafika. Mko mezani, stori ni za kawaida, unaelewa kila kitu, unacheka mahali pa kucheka. Halafu mtu anaangusha neno moja la kitaalamu, refu kama treni ya mizigo ya SGR, na stori inaendelea kana kwamba kila mtu amelishika. Hapo una njia mbili. Uulize maana yake, ama utikise kichwa useme "ja, ja" ukiomba Mungu wasikuulize kitu.

Leo nataka kukuonyesha kwa nini njia ya kwanza ndiyo ya watu wenye akili, na nitatumia historia. Hayo maneno marefu hayakuanguka kutoka mbinguni. Yaliundwa na watu wenye majina na tarehe, na wengi wao waliyaunda kwa sababu hawakupenda kuona mtu wa kawaida akiachwa nje ya mazungumzo.

Kwanza, lile swali lenyewe

Swali la msingi ni "Was heißt das?", yaani hiyo maana yake nini. La pili ni "Was bedeutet das?", maana ni ileile lakini limevaa tai kidogo. Mtu akitaja neno na halikukumbushi chochote, unasema "Das sagt mir nichts". Ukilitafsiri neno kwa neno ni kama kusema "hilo haliniambii kitu". Ona ujanja wake: lawama inabebwa na neno, si wewe.

Kwa bosi, daktari au mzee usiyemzoea unatumia Sie: "Können Sie mir das bitte erklären?" Kwa rika lako unatumia du: "Kannst du mir das mal erklären?" Hako ka-mal ni kadogo lakini kanalainisha ombi, kama sisi tunavyosema "hebu" au "kidogo" katika "nielezee kidogo".

Sasa kuna mtego. "Was heißt das?" ni swali la kutaka kujua. "Was soll das heißen?" ni vita. Hiyo ya pili ni kama kumwambia mtu "unamaanisha nini wewe?" huku umekunja uso. Tofauti ni kitenzi kimoja tu, soll. Na ukikata mwisho ukabaki na "Was soll das?" umeshamkaripia mtu kabisa. Kwa hivyo mazoezi ya swali hili si mchezo.

Wajerumani wenyewe wanajua uchungu wa kutoelewa. Lugha ya wataalamu wanaiita Fachchinesisch, yaani Kichina cha fani. Mambo yakiwapita kabisa wanasema "Ich verstehe nur Bahnhof", ninachoelewa ni steshoni ya treni tu. Na wakitaka uongee wazi wanakuambia useme auf gut Deutsch, kwa Kijerumani kizuri. Lugha isiyo na watu wanaopotea haiwezi kuwa na misemo kama hii. Kumbe hata wenyeji hupotea.

Mchinjaji na mtafsiri

Twende nyuma. Mwaka 1522 Martin Luther alitoa Agano Jipya kwa Kijerumani, na Biblia nzima ikatoka 1534. Wakati huo elimu yote nzito ilikaa ndani ya Kilatini. Kama hukusoma Kilatini, neno la kitaalamu lilikuwa ukuta, na mlango alikuwa nao kasisi.

Kufikia vitabu vya sadaka vya Agano la Kale, Luther alikwama. Kuna majina ya viungo vya ndani vya mnyama, na profesa mzima hakuwa na maneno ya Kijerumani ya hivyo vitu. Johannes Mathesius, aliyemfahamu na kuandika maisha yake, anasimulia kwamba Luther alimwendea mchinjaji, akataka kondoo wachinjwe mbele yake, akauliza kila kipande kinaitwaje. Hebu fikiria hiyo picha. Daktari wa theolojia, jina lake liko Ulaya nzima, amesimama kando ya damu na matumbo akiuliza: na hii je? Na hii?

Mwaka 1530 akaandika barua ndefu akijitetea kwa wakosoaji wa tafsiri yake. Hoja yake kuu ilikuwa kwamba ukitaka kujua Kijerumani usiulize herufi za Kilatini. Muulize mama nyumbani, watoto barabarani, mtu wa kawaida sokoni. Usomi wake ulikuwa na miguu. Aliamini mwenye neno ni yule anayekishika kitu chenyewe kila siku.

Msanii aliyeita duaradufu "mstari wa yai"

Miaka mitatu baada ya lile Agano Jipya, mwaka 1525, mchoraji Albrecht Dürer wa Nuremberg alichapisha kitabu cha jiometri kwa Kijerumani. Alikiandikia wachoraji, wahunzi wa dhahabu, waashi na maseremala, watu wa mkono ambao Kilatini hawakuwa nacho. Shida ilikuwa kwamba istilahi zenyewe hazikuwapo. Ellipse utaiitaje mbele ya fundi?

Dürer akaunda maneno. Duaradufu akaiita Eierlinie, mstari wa yai. Mstari unaojizungusha kama jongoo akauita Schneckenlinie, mstari wa konokono. Fundi akisikia tu ameona picha kichwani, hahitaji kwenda chuo.

Lakini hapa kuna funzo ambalo mashabiki wa lugha nyepesi hulificha. Yai lina upande mnene na upande mwembamba. Duaradufu haina, pande zake mbili ziko sawa. Na Dürer aliichora kweli kama yai, nene upande mmoja. Neno lake likabeba kosa lake. Ndiyo maana kulipasua neno peke yako haitoshi. Neno likionekana rahisi sana bado unafaa kuuliza, "ni yai kweli, ama ni kitu kinachofanana na yai?"

Waliopigana na Kilatini

Karne ya 17 vita viliendelea. Kulikuwa na mwandishi anaitwa Philipp von Zesen, aliyezaliwa 1619. Huyu kazi yake ilikuwa kutengeneza maneno ya Kijerumani ya kuchukua nafasi ya yale ya kigeni. Kuna mengine yalipita hadi leo hakuna Mjerumani anayeshtuka kuyasikia: Anschrift kwa anwani, Mundart kwa lahaja, Rechtschreibung kwa tahajia. Mengine yalichekwa mpaka yakafa. Dirisha, Fenster, lina asili ya Kilatini, kwa hivyo akataka liitwe Tageleuchter, kimulika-mchana. Wajerumani walikataa. Fenster ilikuwa imeshakaa nao mamia ya miaka, nani angeitimua?

Unaona sheria hapo? Neno jipya linashinda pale ambapo watu walikuwa na shimo. Pale ambapo hawakuwa na shimo, linageuka kichekesho.

Kisha 1687, katika Chuo Kikuu cha Leipzig, mwalimu kijana anaitwa Christian Thomasius alibandika tangazo la mhadhara wake kwa Kijerumani. Leo utasema sawa, kuna ajabu gani? Wakati huo ubao wa chuo ulikuwa wa Kilatini na mihadhara ilikuwa ya Kilatini. Ilikuwa kashfa. Baada ya miaka michache ya kugombana na wakubwa wa Leipzig, alihamia Halle, na huko akawa mmoja wa waliojenga chuo kipya.

Halle hiyohiyo ndiko alikofundisha Christian Wolff, mwanahisabati na mwanafalsafa. Wolff aliandika falsafa kwa Kijerumani na akawa mtu wa kueleza: nikitumia neno hili, namaanisha hivi. Maneno kama Bewusstsein, yaani ufahamu wa nafsi, na Aufmerksamkeit, yaani umakini, yaliimarika kwa kalamu yake kisha yakatoka darasani yakaingia nyumbani. Hata Bedeutung, neno la "maana" ambalo ndugu yake yumo ndani ya "Was bedeutet das?", ni mojawapo ya yale aliyoyapa umbo la kitaalamu. Mwaka 1723 mfalme wa Prussia alimpa saa 48 aondoke nchini ama anyongwe, kwa sababu ya ugomvi wa kidini. Aliondoka. Mwaka 1740, mfalme mpya alipoingia, Wolff akaitwa arudi.

Posta, treni na simu

Halafu ikaja karne ya 19, na teknolojia ikaanza kumwagika kama siku hizi. Mtu wa kumkumbuka hapa ni Heinrich von Stephan, mkuu wa posta ya Ujerumani, mmoja wa waanzilishi wa umoja wa posta wa dunia kule Bern mwaka 1874.

Wakati wake kaunta ya posta iliongea Kifaransa. Barua ya kuandikishwa ilikuwa recommandiert, barua ya kuchukulia posta ilikuwa poste restante. Mama wa kijijini amekuja na barua ya mwanawe aliye jeshini, anaambiwa maneno ya Paris. Kuanzia 1874 Stephan alibadilisha zaidi ya maneno 700 ya posta. Ikawa eingeschrieben, imeandikishwa. Ikawa postlagernd, iliyowekwa posta. Watu wa reli nao wakafuata: Perron ikawa Bahnsteig, Coupé ikawa Abteil, Billet ikawa Fahrkarte. Nenda Uswisi leo, wanaoongea Kijerumani huko bado wanasema Perron na Billett, kwa sababu Berlin haikuwa serikali yao.

Mwaka 1877 Stephan alifanyia majaribio ile mashine mpya ya Bell kule Berlin, na hakutaka iitwe telefoni. Akaiita Fernsprecher. Fern ni mbali, sprechen ni kuongea: kiongea-mbali. Kwa mfumo huohuo televisheni ikawa Fernseher, kiona-mbali. Hiyo ya pili inatumika hadi kesho. Ile ya kwanza ilibaki kwenye fomu za serikali, na watu wakaendelea kusema Telefon. Na simu ya mkononi ilipokuja, Wajerumani walewale wakaiita Handy, neno lenye sura ya Kiingereza ambalo Mwingereza hulitumia kwa jambo jingine kabisa. Historia ina ucheshi wake.

Mahali mambo yaliharibika

Nisikuuzie hii stori kama ni asali tupu. Mwaka 1885 kulianzishwa chama cha kitaifa cha lugha ya Kijerumani, na polepole lengo likageuka. Mwanzoni ilikuwa mama wa kijijini aelewe kaunta ya posta. Baadaye ikawa neno la kigeni ni adui, kisha mtu wa kigeni ni adui. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia hoteli na maduka yalishinikizwa kufuta majina ya Kifaransa na Kiingereza. Hitler alipoingia 1933 chama hicho kilijipanga upande wake kwa furaha. Cha kushangaza, mwaka 1940 ni serikali hiyohiyo iliyotoa amri kwamba mchezo wa kulazimisha maneno ya Kijerumani uishe.

Na hata bila siasa, uwazi unaweza kugeuka msitu. Mwaka 1999 jimbo la Mecklenburg-Vorpommern lilipitisha sheria yenye jina hili: Rindfleischetikettierungsüberwachungsaufgabenübertragungsgesetz. Herufi 63. Ilifutwa 2013. Karibu kila kipande ndani yake ni cha Kijerumani, hakuna Kilatini cha kanisani, na bado Mjerumani wa kawaida akiiona anashika kichwa.

Lakini ngoja. Wewe mwenye Kiswahili una silaha hapa ambayo sijaona kozi yoyote ikiitaja. Neno refu la Kijerumani lina kichwa chake mwisho. Lisome kutoka nyuma kwenda mbele: Gesetz, sheria. Übertragung, ya kukabidhi. Aufgaben, majukumu. Überwachung, ya kusimamia. Etikettierung, uwekaji lebo. Fleisch, kwenye nyama. Rind, ya ng'ombe. Sheria ya kukabidhi majukumu ya kusimamia uwekaji lebo kwenye nyama ya ng'ombe. Umeona? Ukiligeuza, linatoka Kiswahili kwa mpangilio wake!

Jaribu la hospitali: Blutdruckmessgerät. Gerät ni kifaa, mess ni cha kupima, Druck ni shinikizo, Blut ni la damu. Kifaa cha kupima shinikizo la damu. Lugha zetu ni kama mtu na kioo chake.

Mahali swali linaokoa mtu

Sasa tuje kwa kinachonifanya niandike hii posti. Kuna rafiki yangu tuliyesoma naye sekondari, saa hii anafanya Ausbildung ya uuguzi Ujerumani, ile ya miaka 3, kwenye nyumba ya wazee. Aliniambia kitu kuhusu hospitali za huko. Kila ugonjwa una majina mawili. Kuna jina la watu: Lungenentzündung, ambalo kwa vipande ni kuwaka kwa mapafu. Na kuna jina la madaktari: Pneumonie. Bluthochdruck kwa mgonjwa, Hypertonie kwa faili. Kwa hivyo ile kazi yote ya Dürer na Wolff na wenzao haikumaliza Kilatini na Kigiriki. Iliwasukuma tu upande wa pili wa pazia, na muuguzi anasimama katikati ya hizo lugha mbili kutwa nzima.

Kila zamu ikibadilika kuna Übergabe, kukabidhiana kazi. Dakika chache, maneno mengi, kila mtu anakimbia. Siku moja ya joto kali akasikia kwamba bibi mmoja wa chumba fulani ana Exsikkose. Hakuna aliyeeleza. Akainua mkono: "Entschuldigung, was heißt Exsikkose?" Muuguzi mkuu akamjibu kwa neno moja, Austrocknung, kukauka, kisha akaongeza kwamba yule bibi anakunywa maji kidogo mno. Basi kazi ikawa wazi: mpelekee maji, mkumbushe, andika amekunywa kiasi gani.

Hebu igeuze hiyo stori. Toa lile swali. Bibi wa watu anakaa mchana mzima kwenye joto mdomo umekauka, kwa sababu msichana mmoja kutoka Kenya aliona aibu. Na bado haijaisha. Baada ya zamu, wanafunzi wenzake wawili, Wajerumani wa kuzaliwa, walikuja kumshukuru. Hata wao hawakulijua hilo neno! Walikuwa wanangoja mtu mwingine aulize.

Mjerumani aliyeuliza Kitui

Kama bado unaona kuuliza ni kujishusha, wacha nikukumbushe jina la nchi yako limetoka wapi.

Mwaka 1844 alifika Mombasa mmishonari Mjerumani anaitwa Johann Ludwig Krapf, kijana wa karibu na mji wa Tübingen. Kanisa la Uingereza ndilo lililomtuma. Alikaa Rabai, na kwa miaka mingi kazi yake kubwa ilikuwa kuwauliza watu wa pwani: hii mnaiitaje? Na hii? Mwaka 1850 kilichapishwa kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili kule Tübingen. Kamusi yake kubwa ilitoka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Kila ukurasa wa hiyo kamusi ni jibu la Mswahili fulani aliyekuwa na subira.

Desemba 1849 alikuwa Kitui, mgeni wa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Wakamba. Akauona mlima wenye weupe juu. Jina alilolipata kwa Wakamba ni lile la Kiinyaa, ambalo wengi hulihusisha na mbuni, kwa sababu ya weupe na weusi wake. Masikio ya Krapf yakasikia Kenia, akaliandika hivyo. Leo liko kwenye pasipoti yako. Yaani hata hilo jina ni jibu la swali moja kati ya mgeni na mwenyeji, na limepinda kidogo njiani kwa sababu hakuna swali linalopata jibu lililonyooka mia kwa mia.

Wajerumani walipokuja na bunduki baadaye, kule Tanganyika, maneno yalisafiri kwa njia nyingine. Shule ni Schule. Hela ni Heller, sarafu waliyoileta 1904. Hayo hatukuyauliza, tuliletewa. Lakini tuliyavalisha nguo zetu mpaka leo hakuna anayeyaona kama wageni. Simu nayo ilitoka Kiajemi, na huko sim ni waya. Kwa hivyo mfukoni umebeba waya usio na waya. Lugha haina shida na hilo. Shida ni watu.

Ugonjwa wetu

Niliacha chuo mwaka wa pili, wanaonifuata wanajua. Sitasema chuo gani. Lakini kuna siku dada mmoja wa mstari wa mbele aliuliza lekchara maana ya neno moja lililokuwa limetajwa mara kumi bila kuelezwa. Jibu alilopata: ulifikaje mwaka wa pili kama hilo hulijui? Ukumbi ukacheka. Watu zaidi ya 100. Kuanzia siku hiyo hadi muhula uishe, hakuna mkono ulioinuka tena. Lekchara alidhani tumeelewa.

Hicho ndicho kitu tunachosafiri nacho. Tunakuza watoto ambao wakisikia neno hawalijui wanaona ni siri yao ya aibu. Shuleni unachekwa, ofisini unaonekana hujasoma, hospitalini daktari anasema neno la Kilatini na mathe wako anasema "sawa daktari", kisha mkifika nyumbani anakuuliza wewe amesema nini. Mkopo wa foni unabonyeza "nakubali" bila kujua riba inahesabiwaje. Kila mahali mtu mwenye neno ndiye mwenye nguvu, na sisi tunamwachia kwa kunyamaza.

Na Kiswahili nacho kina deni. Tumeunda tarakilishi, tumeunda kipakatalishi, na ukiyataja mtaani watu wanacheka kama Wajerumani walivyomcheka Zesen na dirisha lake. Mimi sicheki. Naona ni bahati tu ya neno, kuna yatakayoishi na kuna yatakayokufa. Ila funzo la hiyo miaka 500 ni kwamba kazi ya istilahi haiishi kwa kamati kutoa orodha. Inaisha pale mchinjaji, fundi na mama wa kaunta ya posta wanapolichukua neno na kulitumia bila kuombwa. Na watalichukua vipi kama hawaruhusiwi hata kuuliza maana yake?

Kwa hivyo wewe unayejiandaa kwa mtihani wa B1 ama B2, kariri der, die, das, sawa. Lakini kabla ya hapo fanya mazoezi ya sentensi moja mbele ya kioo mpaka itoke bila aibu: "Entschuldigung, was heißt das?" Kisha ifanye kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, kwa lugha ya nyumbani kwenu. Ifanye benki. Ifanye kwa daktari ukiwa na mathe. Na siku wewe ndiye utakuwa na neno na mwenzako hana, mwambie. Usimcheke.

Andika hapo chini neno moja ambalo watu hulitumia mbele yako na hakuna aliyewahi kukueleza, liwe la Kijerumani, la hospitali, la benki, lolote. Tulifungue pamoja, kutoka nyuma kwenda mbele.